UZI: Bukele hakupindua nchi. Ukitaka kujua alivyoichukua, usianzie gerezani, anzia 1 Mei 2021

Msoma Katiba (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Haipiti wiki humu bila mtu kuleta video ya wafungwa wa El Salvador, nchi ya Rais Bukele huko Amerika ya Kati, vichwa vipara, wamekalishwa sakafuni wamebanana kama dagaa. Maoni chini yake ni yale yale: "huyu tungempata sisi miezi sita tu". Leo namleta mimi, ila gerezani sianzii. Gereza lile, CECOT, lilifunguliwa mwanzoni mwa 2023. Kufikia hapo mchezo ulikuwa umeshaisha.

Kwa wasiomfahamu: Nayib Bukele alizaliwa 1981 katika familia ya wafanyabiashara wenye asili ya Palestina, mababu zake walitokea Bethlehem. Baba yake alisilimu akawa imamu. Yeye alianza kama meya wa Nuevo Cuscatlán, mji mdogo tu, kisha akawa meya wa jiji kuu, San Salvador, kwa tiketi ya FMLN, chama cha waliokuwa waasi wa msituni. Mwaka 2017 chama kikamfukuza. Akaanzisha chake, Nuevas Ideas, lakini usajili ukachelewa, kwa hiyo 2019 akaazima chama kingine kinaitwa GANA akagombea nacho urais. Akashinda duru ya kwanza kwa asilimia 53. Kura safi, hakuna aliyebisha.

Na wananchi walikuwa na haki ya kuchoka. Tangu 1989 vyama viwili, ARENA cha mrengo wa kulia na FMLN, ndivyo vilivyokuwa vinashika urais. Rais mmoja wa ARENA, Antonio Saca, alikiri mahakamani kuchota fedha za umma akafungwa. Aliyemfuata, Mauricio Funes, aliyeingia kwa FMLN, alikimbilia Nicaragua na akafia huko. Kijana akija na kofia aliyoigeuza kisogoni anasema hawa wote ni wale wale, nani angembishia?

Sasa twende taratibu, maana hapa ndipo wengi wanaruka.

Jumapili, 9 Februari 2020. Bukele anataka Bunge liidhinishe mkopo wa dola milioni 109 kwa ajili ya polisi na jeshi. Wabunge wengi hawakutokea. Akaingia ukumbini, wanajeshi wenye bunduki wamejipanga kando ya viti vya wabunge, akaenda moja kwa moja kukaa kwenye kiti cha Spika. Akasema nadhani sasa imeeleweka nani ameishika hali hii. Halafu akafunika uso kwa viganja, akaomba dua. Akatoka nje akawaambia wafuasi waliokuwa wanasubiri kwamba Mungu amemwambia avute subira.

Hii ni nchi iliyomaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1992, vita vilivyoua watu kama 75,000. Kuona buti bungeni si jambo dogo kwao. Kesho yake Chemba ya Katiba, kitengo cha majaji watano ndani ya Mahakama ya Juu, ikamwamuru asilitumie jeshi namna ile tena. Mkopo siku ile hakuupata.

Ikaja korona. Serikali ikawa inakamata waliotoka nje ya nyumba na kuwarundika kwenye vituo wiki hadi wiki. Majaji wale wale watano wakasema hakuna sheria inayowapa ruhusa hiyo. Jibu la Bukele mtandaoni lilikuwa kwamba watu watano hawataamua vifo vya mamia ya maelfu ya Wasalvador. Hiyo "watu watano" iwekeni akilini.

Februari 2021, uchaguzi wa Bunge. Nuevas Ideas wakapata viti 56 kati ya 84, yaani theluthi mbili kamili, bila hata kuhesabu washirika. Bunge jipya likaapishwa 1 Mei. Siku hiyo hiyo ya kwanza, hata viti havijapata joto, ikaletwa hoja ya kuwafukuza majaji wote watano. Kura 64 zikasema ndiyo. Haikupelekwa kamati yoyote, na watuhumiwa hawakuitwa kujitetea. Wakamalizia na Mwendesha Mashtaka Mkuu, Raúl Melara, ambaye ofisi yake ilikuwa inachunguza manunuzi ya serikali wakati wa korona. Wapya wakaapishwa usiku huo huo, wakasindikizwa na polisi hadi ofisini.

Siku aliyoingia na bunduki alishindwa. Siku wabunge wake walipopiga kura, alipata vyote. Ndiyo hoja yangu nzima leo. Naendelea baadaye, kuna mtu ananiita.

Kinyozi wa Makorora

Naweka kambi hapa. Watakaokuja na matusi wakae mstari wa nyuma.

Dereva wa Zamani

Mleta uzi, umeandika vizuri, lakini inaonekana wewe hujawahi kutozwa.

Mimi niliendesha matatu Nairobi miaka ile. Asubuhi kabla hujapakia abiria, kijana anakuja dirishani, humjui jina, unampa. Jioni anakuja mwingine. Ukikataa, gari linachomwa au wewe unakatwa. Siwataji, wenye kujua wanajua. Polisi walikuwa wanaona na wanapita. Sasa niambie mimi nilikuwa na katiba gani pale dirishani?

Nimesoma kuhusu El Salvador. Kule hiyo kodi waliiita renta. Dereva wa basi alilipa, mama wa tortilla alilipa, mwenye duka alilipa. Ulipotoka mtaa wa genge la MS-13 ukaingia wa genge la Barrio 18, walikagua kitambulisho, wakikuta anuani ni ya upande wa pili huenda usingerudi. Ukutani waliandika: ona, sikia, nyamaza. Mwaka 2015 peke yake waliuawa zaidi ya watu 6,600 katika nchi ya watu milioni sita. Mwaka 2024 serikali imehesabu mauaji 114 mwaka mzima. 114! Mama anapeleka mtoto uwanjani jioni anacheza mpira. Hawa majaji watano mnaowalilia walimfanyia nini huyo mama miaka yote?

Chawa Mstaafu

Dereva umemaliza. Uzi ufungwe.

Msoma Katiba

Nimerudi. Dereva, heshima yako mzee. Hicho ulichoandika ndicho kinachofanya jambo hili liwe gumu, na sitajifanya halipo. Usalama ule ni wa kweli. Watu walikuwa wanaishi wamefungiwa na sasa wanatembea.

Ila naongeza mambo mawili kwenye hesabu yako. Mauaji yalikuwa yameshapungua hadi karibu nusu kufikia 2018, kabla hajaingia Ikulu. Halafu mwaka 2020 gazeti la El Faro likachapisha nyaraka za magereza zinazoonyesha maofisa wake walikuwa wanazungumza na viongozi wa magenge: nyie punguzeni maiti, sisi tutawalegezea. Serikali ikakana. Desemba 2021 Wizara ya Fedha ya Marekani ikawawekea vikwazo mkuu wa magereza, Osiris Luna, na ofisa mwingine, Carlos Marroquín, kwa sababu hiyo hiyo. Machi 2022 mambo yakavunjika: wikendi moja wakauawa watu 87, Jumamosi peke yake 62. Tarehe 27 Machi Bunge likatangaza hali ya hatari. Miezi michache mbele El Faro wakatoa sauti za Marroquín akieleza jinsi makubaliano yalivyoharibika.

Hali ya hatari kisheria ni ya siku 30. Imerefushwa zaidi ya mara 40. Ndani yake unaweza kukamatwa bila kuambiwa sababu, ukakaa siku 15 badala ya saa 72 kabla ya kumwona hakimu, na sheria ya 2023 inaruhusu kesi moja kuwa na washtakiwa hadi 900. Waliokamatwa wamepita 85,000. Bukele mwenyewe alisema mwishoni mwa 2024 kwamba 8,000 wameachiwa kwa kuwa hawakuwa na hatia. Mashirika ya haki za binadamu yamehesabu zaidi ya watu 300 waliofia mikononi mwa magereza.

Sasa swali lako, majaji walimfanyia nini yule mama. Kabla ya 2021, mwanawe akikamatwa kimakosa, kulikuwa na mtu wa kumwendea ambaye hakuteuliwa na yule aliyemkamata. Hicho ndicho kilichoondoka 1 Mei.

Shangazi wa Maryland

Wadogo zangu, mimi nafanya kazi ya usafi hotelini huku Maryland, Marekani, na nusu ya tunaofanya nao ni Wasalvador. Mkimtukana Bukele mbele yao hamtakula chakula cha mchana pamoja. Wana picha zake kwenye simu. Mmoja alikuwa hajarudi kwao miaka mingi kwa kuogopa, mwaka juzi alikwenda na watoto, akarudi analia kwa furaha.

Lakini yuko mwingine, tena anampenda vile vile, binamu yake kijana wa shamba alizolewa 2022 kwa sababu ya chale (tatuu) mkononi. Familia inapeleka kifurushi gerezani kila mwezi, sabuni, chupi nyeupe, maziwa ya unga, na hawajui kama kinamfikia. Nikamuuliza na bado unampigia kura? Akasema ndiyo, binamu yangu atatoka, wale wauaji wasitoke. Niliishiwa maneno.

Mrundi wa Kigoma

Hili la majaji linanikumbusha kwetu Burundi 2015. Katiba na Mkataba wa amani wa Arusha vilisema rais ana mihula miwili. Rais Nkurunziza anataka wa tatu. Hawakuibadilisha katiba, walipeleka swali Mahakama ya Katiba. Mei ile mahakama ikasema muhula wa kwanza hauhesabiki, kwa sababu 2005 alichaguliwa na Bunge si na wananchi moja kwa moja. Makamu wa rais wa mahakama, Sylvère Nimpagaritse, alikataa kutia sahihi akakimbilia Rwanda, akasema majaji walikuwa wanatishwa. Sisi wengine tulikimbilia huku, tunajua yaliyofuata. Mleta uzi, naomba utuambie Bukele alipitia mlango gani, maana nimesikia alikuwa na muhula mmoja tu.

Msoma Katiba

Mrundi, pole sana, na umenipeleka pale pale nilipotaka kwenda.

Katiba yao ya 1983 ilikuwa na woga mkubwa wa marais wang'ang'anizi, kwa sababu ya majenerali waliowatawala miongo. Haikukataza mara moja, ilikataza mara kadhaa katika vifungu tofauti. Kifungu cha 75 kilimnyang'anya haki za uraia anayepigia debe rais kuendelea. Cha 88 kinasema kupokezana urais ni lazima, na ukivunjwa, wananchi wana wajibu wa kuasi. Soma tena: wajibu. Cha 152 kilimkataza kugombea mtu aliyekuwa rais kwa zaidi ya miezi sita katika kipindi kilichotangulia. Bukele mwenyewe, kabla ya haya, alishawahi kusema hadharani kwamba katiba haimruhusu kuunganisha mihula.

Septemba 2021, miezi minne tu baada ya kuingia, wale majaji wapya wakatoa tafsiri. Fuatilieni, kwa sababu ni kazi ya mikono yenye ustadi. Wakasema marufuku inamhusu mgombea, kwa hiyo kipindi "kilichotangulia" kihesabiwe kutoka pale anapogombea. Anapogombea bado yuko ndani ya kipindi cha 2019 hadi 2024. Kilichotangulia basi ni 2014 hadi 2019. Je, alikuwa rais wakati huo? Hapana. Ruksa. Achukue likizo miezi sita kabla ya muhula mpya, basi.

Akachukua kweli. Tarehe 1 Desemba 2023 akaingia likizo, ofisi akamwachia katibu wake binafsi, Claudia Juana Rodríguez. Februari 2024 akashinda kwa karibu asilimia 85.

Na siku chache tu kabla ya tafsiri hiyo, mwishoni mwa Agosti 2021, Bunge lilikuwa limepitisha sheria kwamba jaji au hakimu akifika miaka 60 au miaka 30 kazini anastaafu kwa lazima. Ikawagusa kama theluthi moja ya majaji na mahakimu wote nchini. Serikali ilisema inasafisha wala rushwa. Rushwa inayoanza ukitimiza 60, mimi sijaisoma popote.

Mwanafunzi Budapest

Hahaa, hiyo ya umri niko nayo mlangoni. Nipo Hungaria kimasomo. Mwanasiasa Viktor Orbán alipopata theluthi mbili ya viti vya Bunge mwaka 2010, kwa kura kama asilimia 53 tu, moja ya hatua za mwanzo ilikuwa kushusha umri wa majaji kustaafu kutoka 70 hadi 62. Wakaondoka majaji zaidi ya 270 wakiwemo wakuu wa mahakama nyingi. Mahakama ya Ulaya ikasema Novemba 2012 kwamba ni ubaguzi wa umri. Wengine wakalipwa fidia, lakini viti vya ukubwa vilikuwa vimeshakaliwa na watu wengine. Profesa wetu mmoja wa sheria anasema kwa mzaha kwamba hawa viongozi wanapeana madaftari.

Chawa Mstaafu

Sasa kama anapendwa na asilimia 85, shida iko wapi? Demokrasia si ndiyo hiyo? Nyie mnataka wachache waamue. Wananchi wameamua, mnalalamika kwa niaba ya nani?

Msoma Katiba

Chawa, leo umeuliza swali zuri kuliko jina lako.

Mtu wa asilimia 85 ana haja gani ya kubadilisha hesabu? Juni 2023, miezi minane kabla ya uchaguzi, Bunge lake lilipunguza viti kutoka 84 hadi 60, likabadilisha na kanuni ya kugawa viti. Halmashauri zikapunguzwa kutoka 262 hadi 44. Matokeo ya 2024: chama chake kilipata kama asilimia 70 ya kura za wabunge, viti 54 kati ya 60, yaani asilimia 90. Zile asilimia 30 nyingine ni wananchi pia.

Na hata waliompenda hawaamui kila kitu. Bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni, ilipofanywa sarafu halali Septemba 2021 kura za maoni zilionyesha wengi hawaitaki. Ikapita. Mapema 2025 ililegezwa, wafanyabiashara wasilazimike kuipokea, ila aliyeshinikiza alikuwa Shirika la Fedha la Kimataifa kwa masharti ya mkopo, si mpiga kura. Madini ndiyo makubwa zaidi. Mwaka 2017 El Salvador ilikuwa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku uchimbaji wa madini ya metali, kwa kulinda maji. Desemba 2024 Bunge likaifuta marufuku hiyo kwa matakwa ya Rais, wakati utafiti wa Chuo Kikuu cha UCA ulionyesha walio wengi wanaipinga migodi. Mnampenda, sawa. Mkitaka kumwambia hapana kwa jambo moja tu, mnapitia mlango gani?

Waliojaribu tumewaona. Mei 2025 alikamatwa Ruth López, mwanasheria wa shirika la haki za binadamu la Cristosal aliyekuwa anafuatilia ufisadi serikalini. Juni akakamatwa Enrique Anaya, mwanasheria wa katiba, siku chache baada ya kumwita Bukele dikteta kwenye televisheni. Mwezi huo huo wa Mei ilipitishwa sheria ya kukata asilimia 30 ya fedha zinazotoka nje kwenda kwa mashirika ya namna hiyo. Julai Cristosal wakafunga ofisi wakahama nchi. Hao hawana chale za MS-13.

Dereva wa Zamani

Hapo kwa mwanasheria nimekuelewa. Lakini bado sijasikia ungefanya nini wewe na wale vijana wa dirishani.

Binti Mwalimu

Kaka Dereva, Kenya mlishajaribu njia ya mkato. Mwaka 2007 operesheni dhidi ya Mungiki, genge lililokuwa linatoza matatu, vijana wakawa wanaokotwa wamekufa nje ya Nairobi. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu iliandika kuhusu vifo na kupotea kwa watu karibu 500. Je, kutozwa kwenye stendi kuliisha?

Dereva wa Zamani

Hakukuisha, dada. Kulibadilisha majina. Lakini unaona, Bukele kwake kumeisha. Ndiyo maana watu wanamtaka yeye na si sisi.

Msoma Katiba

Mzee, magenge yaliyosambaa namna ile yanahitaji dola kali, sikatai. Lakini kuwafukuza majaji hakukuwa sehemu ya kuwakamata magenge. Mei 2021 msako huu mkubwa haukuwepo, kulikuwa na uchunguzi wa tenda za korona. Msako umeanza miezi kumi na moja baadaye. Hivi vitu viwili watu wanaviuza kwa bei moja, ukitaka usalama unabebeshwa na urais wa maisha.

Mrundi wa Kigoma

Urais wa maisha umefika kweli au unatia chumvi?

Msoma Katiba

Januari 2025 walibadilisha utaratibu wenyewe wa kurekebisha katiba. Zamani rekebisho lilihitaji Mabunge mawili: moja lipitishe, linalofuata baada ya uchaguzi liridhie, ili wananchi wapate nafasi katikati. Sasa Bunge moja linatosha kwa robo tatu ya kura. Tarehe 31 Julai 2025 wakaitumia. Kwa kikao kimoja: rais anagombea mara zote anazotaka, muhula unatoka miaka mitano kwenda sita, duru ya pili imefutwa, na muhula wake wa sasa, uliokuwa uishe 2029, unakatwa uishe 2027 ili uchaguzi wa rais na wa wabunge uwe pamoja.

Kinyozi wa Makorora

Robo tatu ya 60 ni 45, na yeye ana 54 peke yake. Sasa walikuwa wanapigia kura nini?

Msoma Katiba

Kinyozi, umepiga hesabu kabla yangu. Kura zilikuwa 57 kwa 3. Chama chake 54, na watatu wa vyama vidogo vinavyomfuata. Waliokataa ni wabunge wawili wa ARENA na Claudia Ortiz, mbunge pekee wa chama cha Vamos. Marcela Villatoro wa ARENA alisimama akasema leo demokrasia imekufa El Salvador.

Binti Mwalimu

Na FMLN, kile chama kilichomlea?

Msoma Katiba

Hakina mbunge hata mmoja. Kilikuwa Ikulu hadi Juni 2019.